Marseille siku sita mwezi wa Oktoba: tule wapi, na bouillabaisse inafaa bei yake?

NyarKisumo (Kisumu)

Hamjambo wadau. Tuko wanne kutoka Kisumu, tunaenda Marseille, Ufaransa, kwa mafunzo ya siku sita mwezi wa Oktoba. Malazi yako karibu na Vieux-Port, ile bandari ya zamani katikati ya mji, na kiamsha kinywa kimeshalipiwa. Chakula cha mchana na cha jioni ni juu yetu. Bajeti ni yuro 40 kwa mtu kwa siku, kama shilingi elfu sita hivi, na tungependa mlo mmoja uwe wa kukumbukwa hata kama siku hiyo tutapita kiasi.

Katika wanne, mmoja ni Msabato anayefuata sheria ya magamba na mapezi, mmoja ni Mwislamu, wawili tunakula chochote. Sote ni watu wa samaki, na samaki aliyelala tunamjua kabla hajafika mezani.

Tunachotaka kujua: bouillabaisse ni chakula gani hasa, na tutajuaje tumepewa ya kweli? Siku za kawaida twende mitaa gani? Huyu Msabato ale nini katika mji wa kome na pweza? Na bili za huko zina mitego gani?

Tafadhali tajeni mahali kwa jina na jinsi ya kufika. Kuambiwa "kuna hoteli nyingi nzuri" hakutatusaidia.

Mpishi_Milimani (Kisumu)

Dada, tuanze na bouillabaisse kwa kuwa ndiyo itakayomeza pesa.

Chanzo chake ni wavuvi. Samaki wa miambani wenye miiba mingi, ambao hawakuwa na mnunuzi sokoni, walichemshwa kwa maji na mafuta ya zeituni. Leo mambo yamegeuka. Samaki hao hao ndio ghali, kwa sababu huvuliwa kidogo kidogo na boti ndogo na hawavumilii kukaa. Kwa vile jina limekuwa maarufu, kila mkahawa wa gatini uliita supu yake bouillabaisse, mpaka mwaka 1980 wenye mikahawa kadhaa wa Marseille wakaandika mkataba, Charte de la Bouillabaisse Marseillaise. Mkataba unataka angalau aina nne za samaki kutoka orodha moja: rascasse (yule mwekundu mwenye miiba ya sumu), rascasse mweupe, grondin, Saint-Pierre, baudroie, vive, na congre, aina ya mkunga ambaye wenyeji humwita fielas. Kamba koche ni nyongeza ya hiari. Msidhani sahani isiyo na kamba koche imepunjwa.

Upishi wenyewe una hatua mbili, na hapo ndipo wengi hukosea. Kwanza ni mchuzi: samaki wadogo wa miambani, pamoja na vichwa na mifupa, hukaangwa kwa mafuta ya zeituni na kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, shamari na kipande cha ganda la chungwa. Huongezwa maji, huchemshwa, husagwa, kisha huchujwa. Zafarani hutiwa humo. Pili, mchuzi huo hurudishwa kwenye moto mkali sana, uchemke kwa fujo, ili mafuta na maji vishikane. Moto ukiwa wa polepole mafuta huelea juu na mchuzi hubaki mwepesi chini yake. Ukiona duara za mafuta juu ya bakuli lako, ujue mpishi aliogopa moto.

Samaki wakubwa huingia kwa zamu. Wenye nyama ngumu, yaani congre na baudroie, hutangulia. Saint-Pierre mwenye nyama laini hungoja dakika za mwisho. Wakitiwa wote kwa pamoja, Saint-Pierre husambaratika kabla baudroie hajaiva. Viazi huiva ndani ya mchuzi huo huo.

Mezani huja mara mbili. Kwanza mchuzi peke yake, na vipande vya mkate mkavu unavyosugua kwa kitunguu saumu na kupaka rouille, rojo ya kitunguu saumu, pilipili, zafarani, kiini cha yai na mafuta ya zeituni. Kisha samaki na viazi. Mkataba unataka samaki wakatwe mbele ya mteja, kwa hiyo mhudumu hukuletea sinia la samaki wazima uwaone, halafu huwakata hapo hapo. Hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Sahani ikija na minofu iliyokwisha kukatwa, imelowa mchuzi, na kome wamepangwa juu kwa urembo, mmeuziwa supu ya samaki yenye jina kubwa.

Bei: katika mikahawa inayoheshimu mkataba hesabuni yuro 70 kwenda juu kwa mtu mmoja. Ile ya yuro 25 iliyoandikwa kwenye ubao gatini haiwezi kuwa na samaki hao, kwani mpishi hawezi kuwanunua kwa pesa hiyo.

Mahali: ningewapeleka Chez Fonfon, ulioko Vallon des Auffes tangu 1952. Vallon hiyo ni kibandari kidogo cha wavuvi kilichojificha chini ya daraja la barabara ya ufuoni. Pandeni basi namba 83 hapo Vieux-Port, shukeni kituo cha Vallon des Auffes, kisha mteremke ngazi. Nendeni mchana, mwone boti na maji. Mwingine ni Chez Michel, rue des Catalans, unaotazamana na ufuo wa Catalans. Basi ni hilo hilo, ama mtembee kutoka Vieux-Port.

Pigeni simu siku mbili kabla na mseme wazi kwamba mnataka bouillabaisse, kwa watu wangapi. Mara nyingi hupikwa kwa kuanzia watu wawili. Na siku hiyo msiagize kitu cha kutangulia, maana mchuzi huongezwa ukiomba na samaki ni wengi.

Jambo la mwisho ni upepo. Mistral ni upepo mkavu na baridi unaoshuka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Boti ndogo hazitoki ukivuma. Ukiwa umevuma siku mbili tatu kabla ya siku yenu, ulizeni kwa simu kama wamepata samaki. Mkahawa wa heshima utawaambia msogeze siku.

JikoKuu_Nakuru (Nakuru)

Mzee Mpishi ameeleza vizuri, ila kwa bajeti hii mimi sikubaliani naye. Yuro 70 au 80 ni chakula cha siku mbili kwa mtu mmoja. Kuna soupe de poisson, ule mchuzi wa hatua ya kwanza aliousema, unaokuja na mkate wake, rouille yake na jibini la kukwaruza, kwa kati ya yuro 12 na 18. Ladha kubwa ya bouillabaisse imo humo. Kinachokosekana ni samaki wazima, na samaki wazima mnao Dunga, ufuo wa wavuvi hapo kwenu Kisumu.

Sasa bili, maana hapo ndipo Wakenya hupotea.

Saa. Mikahawa mingi hupika saa sita hadi saa nane mchana, kisha saa moja na nusu hadi saa nne usiku. Milangoni utaona 12h–14h na 19h30–22h, msichanganye na saa zetu. Ukifika saa nane na dakika kumi mchana, viti viko, wahudumu wako, jiko limefungwa. Jumapili jioni na Jumatatu wengi hufunga kabisa.

Mchana ni nafuu kuliko jioni. Siku za kazi tafuteni ubao ulioandikwa plat du jour (chakula kimoja kilichopikwa siku hiyo) au formule (vyakula viwili au vitatu kwa bei moja). Plat du jour huwa yuro 13 hadi 17, formule 17 hadi 22. Jioni jiko hilo hilo huuza kwa menyu kamili na bei hupanda. Kwa hiyo mlo mkubwa uwe mchana, jioni mle kitu chepesi, na yuro 40 zitatosha na kubaki. Kwenye menyu, entrée ni cha kutangulia, plat ndicho chakula chenyewe. Ukiagiza entrée pekee utaletewa sahani ndogo.

Samaki kwa uzito. Huu ndio mtego mkubwa. Utaona daurade au loup ameandikiwa 9 €/100 g. Loup wa gramu 800 kwa bei hiyo ni yuro 72, na hupimwa mzima kabla ya kupikwa, kichwa na mifupa vikiwa ndani ya hesabu. Mwambieni mhudumu awaonyeshe samaki, awatajie uzito na jumla, ndipo aende jikoni. Gramu 400 zinamtosha mtu mmoja. Wa kufugwa (d'élevage) ni nafuu sana kuliko wa baharini (sauvage), na kwa samaki wa kuchoma tu tofauti ya ladha haifiki tofauti ya bei.

Maji. Semeni "une carafe d'eau". Ni maji ya bomba, ni salama, na ni bure mkiwa mnakula. Mkisema "maji" tu mtaletewa chupa ya kulipia. Mkate pia haulipiwi.

Bahashishi. Huduma imo ndani ya bei kwa mujibu wa sheria. Mkiridhika acheni yuro moja au mbili, msipoacha hakuna atakayenuna. Bili haiji mpaka muiombe: "l'addition, s'il vous plaît". Kukaa nusu saa bila bili si kupuuzwa.

Kadi. Mashine ziko karibu kila mahali, ila vibanda na mikahawa midogo huweka kima cha chini, mara nyingi yuro 5 au 10, na wengine hawapokei kadi kabisa. Kila mtu awe na taslimu kama yuro 50 za noti ndogo. Kadi pepe ya M-PESA GlobalPay ni ya malipo ya mtandaoni, mezani itategemewa kadi ya plastiki ya benki. Mashine ikiuliza kama ulipe kwa shilingi au yuro, chagueni yuro. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hakiwi kizuri kwako. Kama kila mtu atalipa yake, semeni mwanzoni kabisa.

Na mkiingia popote, "bonjour" kwanza, kabla ya swali lolote. Jioni ni "bonsoir". Asiyesalimu huko huhudumiwa kwa ubaridi, kama tu huku kwetu.

Epukeni mikahawa ya mbele kabisa gatini yenye picha za chakula, menyu ya lugha sita na mtu mlangoni anayewaita. Piteni nyuma ya gati la kusini, Quai de Rive Neuve, mtaa mmoja au miwili ndani, bei hushuka.

Omogusii_Keroka (Kisii)

Kwa ndugu yetu Msabato. Bouillabaisse aiache kabisa, hata akiambiwa "tutakutolea wale usiokula". Mchuzi umeshapikwa na congre na baudroie, na wote wawili hawana magamba. Soupe de poisson aliyoisifu JikoKuu nayo si salama kwake, kwa sababu samaki wa miambani husagwa mchanganyiko na mara nyingi kaa wadogo hutiwa humo kwa ladha. Ikishachujwa huwezi kujua kilichokuwemo.

Wenye magamba na mapezi atakaowakuta kwenye menyu: loup, daurade, rouget, sardini, rascasse na grondin. Aagize mzima wa kuchoma, grillé, aone ngozi yake mwenyewe. Wasiofaa: baudroie (kwenye menyu huandikwa pia lotte), congre, murène, raie na anguille. Halafu viumbe visivyo samaki: poulpe ni pweza, seiche na supions ni jamii ya ngisi, moules ni kome, huîtres ni chaza, crevettes ni kamba.

Mitego miwili ya kimya. Friture ni vidagaa vya kukaanga, lakini mara nyingi huchanganywa na ngisi. Na lardons, vipande vidogo vya nguruwe, hutiwa kwenye saladi, dengu na hata viazi bila kutajwa kwa herufi kubwa. Aseme "sans porc, sans lardons".

Chakula kinachomfaa zaidi ni grand aïoli, ambacho kwa desturi ya huko hupikwa Ijumaa na huwa plat du jour mchana: samaki wa chumvi aitwaye morue, ambaye ana magamba, viazi, karoti, maharagwe mabichi na yai, vyote vya kuchemsha, na rojo zito la kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Wengine huweka konokono wa baharini pembeni, huitwa bulots. Aombe visiwekwe.

Kama hanunui kitu siku ya Sabato, akumbuke Oktoba jua la Marseille hutua kuanzia saa moja jioni hivi, na huwahi kidogo kila siku. Ijumaa mchana, baada ya aïoli, apitie soko la Capucins pale Noailles: mkate, zeituni, jibini, matunda, njugu. Hivyo vinatosha mpaka Jumamosi jioni bila jiko.

Binti_Mumias (Mumias)

Asalaam alaykum. Noailles aliyoitaja ndugu wa Keroka ndiyo mtaa wa kula kila siku kwa nyote wanne, si Mwislamu pekee. Kutoka Vieux-Port mnapanda barabara ya La Canebière kwa miguu, kama dakika kumi, au mnashuka kituo cha Noailles kwenye metro ya laini ya 2.

Le Fémina uko rue du Musée, tangu 1921. Ni mkahawa wa Wakabyle kutoka milima ya Algeria, na sifa yake ni kuskusi ya shayiri. Shayiri ni nyeusi kidogo na ina ladha nzito kuliko ile ya ngano iliyozoeleka, ndiyo sababu ya kwenda huko badala ya mahali pengine. Kuskusi huletwa vyombo mbalimbali: nafaka peke yake, mchuzi wa mboga peke yake, nyama peke yake. Mwageni mchuzi kidogo kidogo. Ukimwaga wote mara moja nafaka huvimba na kuwa uji. Mchuzi huongezwa ukiomba. Msiagize royal, ile ya nyama aina tatu au nne, bei ni kubwa na haimaliziki. Agneau, yaani mwanakondoo, inatosha.

Kwa bei ya chini zaidi kuna Chez Yassine, rue d'Aubagne, jiko la Kitunisia. Ulizeni leblebi: bakuli la dengu kubwa zile zinazotoa unga wa bajia, zimechemshwa na bizari ya pilau (wao huiita cumin), zikamiminwa juu ya mkate uliokatwakatwa, na yai na harissa (rojo ya pilipili kali) juu. Asubuhi ya baridi hakuna kinachoishinda, na anayekula bakuli moja hatafuti kitu mpaka jioni. Harissa ombeni pembeni kwanza muionje.

Tahadhari kuhusu halali: jina la Kiarabu mlangoni si ushahidi. Baadhi ya mikahawa ya Kimaghrebi huuza mvinyo, na si wote wanaonunua nyama halali. Ulizeni "c'est halal?" bila haya, ni swali la kawaida pale. Soseji za merguez ni za ng'ombe au kondoo, lakini nazo ulizeni.

Na msiondoke bila kula kwa Wakomoro. Marseille ina jamii kubwa sana ya watu wa Komoro, na chakula chao mtakitambua: mataba, ambayo ni kisamvu cha nazi, sambusa, na mabawa ya kuku ya kuchoma yanayouzwa kwa idadi. Wengi wako mitaa ya kaskazini. Marché aux Puces katika mtaa wa 15 ni mahali pazuri pa kuanzia, nendeni asubuhi. Mkikosa ugali kabisa, maduka ya Waafrika pale Noailles huuza unga mweupe wa mahindi, mihogo na ndizi za kupika.

NyarKisumo (Kisumu)

Ahsanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Ratiba imetoka. Vipindi vinaisha saa nane kasorobo mchana kila siku, isipokuwa Jumatano na Ijumaa vinavyoisha saa tano na nusu. Kwa maelezo ya JikoKuu, siku zile nyingine jiko litakuwa linafungwa tukiwa njiani. Tule nini saa tisa mchana? Na kuna mtu ametusifia pieds paquets kwamba ni matumbo. Wawili wetu wanapenda matumbo sana.

JikoKuu_Nakuru (Nakuru)

Pieds paquets ni matumbo ya kondoo yaliyokatwa vipande, yakakunjwa kuwa vifurushi vidogo, yakapikwa pamoja na miguu ya kondoo ndani ya nyanya na mvinyo mweupe kwa saa saba au nane. Miguu ndiyo inayoupa mchuzi unato. Lakini ndani ya kila kifurushi huwekwa nguruwe wa chumvi, kitunguu saumu na kotimiri ya kizungu. Kwa hiyo ni chakula cha nyinyi wawili tu mnaokula chochote. Mwislamu na Msabato wasiguse hata mchuzi. Kikipikwa kwa haraka matumbo hubaki magumu kama mpira, basi muagize pale kilipoandikwa kwenye ubao wa siku, si kwenye menyu ndefu ya mwaka mzima.

Kama mna hamu ya kujua tu: mpishi mkubwa wa mji, Alexandre Mazzia, alizaliwa Pointe-Noire, Kongo, na mkahawa wake AM ulipata nyota tatu za Michelin mwaka 2021. Moshi, pilipili na viungo vyake vina Afrika ndani. Bei yake haihusiani kabisa na bajeti hii.

Mwana_wa_Ingo (Kakamega)

Saa tisa mchana jibu lake ni L'Estaque, kule mwisho wa ghuba upande wa kaskazini. Vibanda vya pale bandarini havifuati saa za mikahawa. Pandeni metro ya laini ya 2 hadi Joliette, kisha basi namba 35 mpaka L'Estaque. Kuna boti ya abiria kutoka Vieux-Port lakini ni ya msimu wa joto, Oktoba msiitegemee.

Kule mnakula panisse. Unga wa dengu, ule wa bajia, hukorogwa na maji, chumvi na mafuta kidogo, kiasi cha gramu 250 za unga kwa lita moja ya maji, na husongwa motoni bila kuacha mpaka ushikane kama ugali. Humwagwa kwenye vyombo vya mviringo, ukipoa hukatwa vipande na kukaangwa. Nje mkavu, ndani laini. Hakuna nyama, hakuna samaki, nyote wanne mnakula. Kama mafuta hayajapata moto wa kutosha, panisse hunywa mafuta na kuwa mzito. Simameni kwenye kibanda chenye foleni, kwa sababu hapo hukaangwa mkiwa mnangoja na mafuta hayapoi. Mleni papo hapo, wakipoa hulegea. Kitamu cha pale ni chichi frégi, maandazi marefu yenye harufu ya maua ya mchungwa, yaliyoviringishwa kwenye sukari.

Jioni nyepesi: piza. Marseille ni mji wa piza kwa sababu ya Waitalia wengi waliohamia. Agizeni moitié-moitié, nusu jibini, nusu dagaa wa chumvi waitwao anchois. Chez Étienne, rue de Lorette katika mtaa wa kilimani wa Le Panier, ndiyo maarufu. Wenyeji hula piza moja kwa watu wawili kama cha kutangulia, kisha supions za kukaanga na kitunguu saumu. Nendeni mapema, bebeni taslimu. Msabato anakula piza bila supions, anchois si tatizo kwake.

Zawadi: Four des Navettes, rue Sainte namba 136, nyuma kidogo ya gati la kusini, wanaoka tangu 1781. Navettes ni biskuti ngumu zenye umbo la mtumbwi na harufu ya maua ya mchungwa. Hukaa muda mrefu bila kuharibika, na kwenye sanduku hazivunjiki ovyo.

NyarKisumo (Kisumu)

Mpango wetu basi: Jumatatu jioni Chez Fonfon, bouillabaisse kwa wote isipokuwa Msabato. Jumanne L'Estaque. Jumatano Le Fémina mchana. Alhamisi leblebi na piza jioni. Ijumaa aïoli na soko. Jumamosi Wakomoro asubuhi kabla ya kipindi, ama jioni. Kuna kosa?

Mpishi_Milimani (Kisumu)

Bouillabaisse itoke Jumatatu iende Jumatano. Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa samaki: mikahawa mingi imefunga, na iliyofungua huenda inauza masalio ya wikendi. Jumatano mnatoka saa tano na nusu, basi la 83 linawafikisha Vallon des Auffes kabla ya saa saba, na mwanga ni mzuri. Pigeni simu Jumatatu asubuhi, hizo ndizo siku mbili.

Kuskusi ipelekeni Jumanne usiku, mkitoka L'Estaque, lakini ulizeni kwanza kama Le Fémina wanapika jioni hiyo. Jumatatu chukueni leblebi, na Alhamisi ibaki ya piza.

Halafu agizeni bouillabaisse ya watu wawili tu, kwa wale wawili mnaokula kila kitu. Wapishi wengine hutia mvinyo au pastis (pombe ya anisi) kwenye mchuzi, kwa hiyo Mwislamu na Msabato wachukue loup wa kuchoma, apimwe mbele yao. Wawili mkigawana sinia lile mtaona samaki wote vizuri, na wale wawili wa loup watakuwa wamekula kwa nusu ya bei mkiwa meza moja.

Soko la samaki la Vieux-Port liko Quai de la Fraternité asubuhi, wavuvi huuza wenyewe kwenye meza kando ya boti. Jumatano kabla ya kipindi piteni hapo mkaitazame rascasse na Saint-Pierre wakiwa wazima: jicho angavu, mashavu mekundu, ngozi yenye utelezi. Msiguse rascasse kwa mkono mtupu, miiba ya mgongoni ina sumu hata akiwa amekufa.